Ghala Halijaisha, Jalala Limefurika

Mwaka 1980 wasomi wawili wa Marekani waliwekeana dau. Mmoja, Paul Ehrlich, alikuwa mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, na kwa miaka mingi alikuwa akionya kwamba watu wanaongezeka ilhali dunia haiongezeki. Mwingine, Julian Simon, alikuwa mchumi aliyeamini kwamba akili ya binadamu haikosi njia: kitu kikiadimika kitachimbwa kwingine, kitatumiwa kwa uangalifu zaidi, au kitapatiwa mbadala. Ehrlich na wenzake wakachagua madini matano, yaani shaba, kromiamu, nikeli, bati na tungsteni, wakayanunua kwenye karatasi kwa dola 1,000, kila moja dola 200. Baada ya miaka 10, bei zikiwa zimepanda kuliko mfumuko wa bei, Simon angelipa tofauti. Zikiwa zimeshuka, angelipa Ehrlich.

Katika miaka hiyo 10 dunia iliongeza watu zaidi ya milioni 800. Bei halisi za madini yote matano zikashuka. Oktoba 1990 Ehrlich alimtumia Simon hundi ya dola 576.07.

Tangu hapo dau hilo husimuliwa kila watu wanapobishana kama uchumi unaweza kuendelea kukua bila kuiangamiza dunia. Wanaouamini ukuaji hulitaja kama ushahidi uliomaliza kesi. Wasiouamini hujibu kwamba ilikuwa bahati ya kalenda, kwa sababu vipo vipindi vingine vingi vya miaka 10 ambavyo Ehrlich angeshinda. Wote wana hoja. Lakini mimi naona dau lenyewe liliwapoteza watu njia, kwa sababu liliuliza habari za ghala peke yake na kulisahau jalala.

Ghala ni kila tunachokichukua: madini, mafuta, mbao, samaki, maji, rutuba ya udongo. Jalala ni kila tunakotupa tukimaliza: hewa, mito, bahari, ardhi. Uchumi wowote ule, wa kijamaa au wa kibepari, wa zamani au wa leo, umekaa katikati ya hivi viwili. Unachukua huku, unatupa kule, na unachokichukua hakipotei. Kitageuka umbo, kitazunguka kidogo, mwishowe kitaangukia jalalani.

Kilichomo ghalani kwa kawaida kina mwenyewe na kina bei. Kikianza kupungua bei hupanda, na bei ikipanda watu huhangaika: wachimbaji hutafuta miamba mipya, wahandisi hupunguza kipimo, viwanda hubadilisha malighafi. Simon aliliona hilo vizuri na hakukosea. Jalala halina mwenyewe. Anayetoa moshi halipi pango kwa anga, na anga linapojaa hakuna bei inayopanda ili kumshtua. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila chembe milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa hewa ukaa, ile gesi ya kaboni inayoipasha dunia joto. Leo zimevuka 420. Ongezeko lote hilo limetokea bila soko lolote kupiga kengele.

Mwaka 2009 kundi la wanasayansi likiongozwa na Johan Rockström lilipendekeza mipaka tisa ambayo binadamu asiivuke ikiwa anataka dunia ibaki katika hali iliyomlea. Tathmini iliyotolewa 2023 ilikuta sita imeshavukwa. Mitatu kati ya hiyo ni habari za jalala moja kwa moja: tabianchi, naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye mbolea, na kemikali mpya ambazo maumbile hayajui la kuzifanya, plastiki zikiwemo. Mitatu iliyobaki ni ghala hai, lile linalojijaza lenyewe likiachiwa nafasi: viumbe na uhai wao, misitu, maji baridi. Shaba na tungsteni hazimo kwenye orodha hiyo.

Kinachokua ni kitu gani hasa?

Tunaposema uchumi umekua kwa asilimia tatu, tunasema kwamba pato la taifa limeongezeka kwa kiasi hicho: thamani, kwa fedha, ya bidhaa na huduma zilizozalishwa mwaka mzima. Mchumi Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la Marekani na kuliwasilisha kwa Bunge la nchi hiyo mwaka 1934, alionya palepale kwamba ni vigumu kuujua ustawi wa taifa kwa kuitazama namba hiyo. Onyo lake halikusikilizwa. Meli ya mafuta ikipasuka baharini, gharama za kusafisha fukwe huingia kwenye pato. Samaki waliokufa kabla hawajavuliwa hawamo.

Lakini kuna sifa nyingine ya namba hiyo ambayo ni muhimu zaidi kwa swali letu. Inahesabiwa kwa fedha, na fedha hazina uzito. Mwalimu anayefundisha, daktari anayeshona jeraha, fundi anayefufua mashine iliyokufa, mtu anayeandika programu ya kompyuta: wote wanaongeza pato la taifa, na wote wanaweza kuliongeza zaidi mwaka ujao bila kuongeza tani hata moja ya saruji. Kwa hiyo wale wanaosema tu kwamba haiwezekani kukua bila mwisho katika sayari yenye mwisho wanaruka hatua moja. Sayari ina mwisho wa tani, wa hekta, wa uwezo wa kumeza taka. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba shilingi na dola lazima zitembee pamoja na tani. Je, lazima?

Hapo ndipo penye mzizi wa mjadala wote. Wanauchumi hulizungumzia kama utengano: uchumi kuachana na mzigo wake kwa maumbile. Na utengano uko wa aina mbili ambazo huchanganywa kila siku, pengine kwa makusudi. Wa kwanza ni wa uwiano: uchumi unakua kwa kasi, mzigo nao unakua, ila polepole. Wa pili ni utengano kamili: uchumi unakua huku mzigo ukipungua. Kampuni ikitangaza kwamba imepunguza hewa ukaa kwa kila bidhaa inayouza, huo ni wa kwanza. Ikiuza bidhaa mara mbili zaidi, moshi wake unaweza kuwa umeongezeka. Na anga halipokei uwiano, linapokea tani.

Utengano kamili upo, na ni haki kulisema hilo wazi. Uingereza, iliyofungua kituo cha umeme wa makaa ya mawe kwa ajili ya umma huko London mwaka 1882, ilizima kituo chake cha mwisho cha aina hiyo tarehe 30 Septemba 2024. Gesi joto, hewa ukaa ikiwemo, zinazotoka ndani ya mipaka yake zimepungua kwa takriban nusu tangu 1990, huku uchumi wake ukikua kwa karibu asilimia 80. Sweden iliweka kodi ya kaboni mwaka 1991. Moshi wake umepungua kwa takriban theluthi na uchumi umeendelea kupanda. Pingamizi la kawaida ni kwamba nchi hizi zimehamisha viwanda vyao na moshi wao kwenda kwa wengine, kisha zikaagiza bidhaa. Ni kweli kwa sehemu. Ukihesabu moshi wa bidhaa zote wanazozitumia, popote zilipotengenezwa, upungufu unakuwa mdogo kuliko unaotangazwa. Lakini haufutiki.

Tatizo ni mambo mawili: kasi, na aina ya mzigo.

Kuhusu kasi, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilieleza mwaka 2018 kwamba ili joto la dunia lisipande sana kupita nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya viwanda, hewa ukaa ya dunia nzima ilipaswa kupunguzwa kwa takriban asilimia 45 kati ya 2010 na 2030, na kufikia sifuri halisi, yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa angani, karibu 2050. Uingereza, ambayo ni miongoni mwa zilizofanya vizuri, ilihitaji zaidi ya miaka 30 kufika nusu, tena kwa kuanza na kazi nyepesi, yaani kuyaacha makaa ya mawe. Dunia kwa ujumla bado haijaanza kushuka. Mwaka 1990 makaa, mafuta na gesi vilitoa takriban tani bilioni 22 za hewa ukaa. Sasa ni zaidi ya bilioni 37 kwa mwaka.

Kuhusu aina ya mzigo, hewa ukaa ndiyo iliyo rahisi kutenganishwa na uchumi, na watu wengi hawalioni hilo. Umeme hauna kumbukumbu ya ulikotoka. Taa haijui kama inawashwa na makaa au na jua, na kwa kuwa bei ya paneli za sola ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo wa 2010, mbadala upo na ni nafuu. Lakini hakuna mbadala wa namna hiyo kwa vitu vyenyewe. Mwaka 1970 binadamu walichimba, walivuna na kuchota takriban tani bilioni 30 za malighafi. Sasa ni zaidi ya tani bilioni 100 kila mwaka, nusu yake hivi ikiwa mchanga, kokoto na madini mengine ya ujenzi. Usidhani ni kwa sababu ya idadi ya watu peke yake. Kwa kila kichwa, tulikuwa chini ya tani tisa, sasa ni tani 13 hivi. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Weizmann walikadiria kwamba vitu vilivyotengenezwa na binadamu, majengo, barabara, mashine na vinginevyo, vimefikia uzito wa viumbe hai wote duniani wakipimwa wakiwa wakavu, yaani zaidi kidogo ya tani trilioni moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilikuwa asilimia 3 ya uzito huo.

Hapa hesabu ya riba inatusaidia. Kitu kinachokua kwa asilimia tatu kwa mwaka hujirudufu kila baada ya miaka 23 au 24. Katika miaka 100 kinakuwa mara 19. Sasa fikiria nishati, ikue kwa asilimia 2.3 tu. Hiyo ni mara 10 hivi kila karne, na mara 10,000 katika karne nne. Mwanga wote wa jua unaoifikia dunia haufiki mara 10,000 ya nishati tunayotumia leo. Karne nne si mbali sana katika historia ya binadamu. Kwa hiyo hata anayeamini utengano lazima akubali kwamba siku moja sehemu ya uchumi inayokula nishati na malighafi itasimama kukua, na kitakachoendelea kupanda, kikiwepo, ni thamani isiyo na uzito. Ubishi unabaki ni lini na kwa njia gani.

Wakishatajirika watasafisha?

Kuna hoja inayopendwa sana: ziacheni nchi zitajirike kwanza, zikishiba zitasafisha. Ina historia. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya hewa safi na moshi ule ukapungua mwaka hadi mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachumi Gene Grossman na Alan Krueger walionyesha kwamba uchafuzi wa aina fulani, kama salfa na masizi mijini, hupanda nchi inapoanza kuinuka kiuchumi, kisha hushuka.

Tazama, lakini, ni uchafuzi gani unaoshuka. Ni ule unaomkohoza mpiga kura mwenyewe. Jalala likiwa uani kwake, mtu mwenye uwezo hulisafisha au hulisogeza. Hewa ukaa haina harufu, haimkohozi anayeitoa, na madhara yake humfika mtu wa mbali au mtoto ambaye hajazaliwa. Taka za kielektroniki vivyo hivyo: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na sehemu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika robo. Utajiri humpa mtu uwezo wa kusafisha, na uwezo uleule unamwezesha kuusukuma uchafu mbali na macho yake. Njia ya pili ni rahisi zaidi, ndiyo maana imetumika sana.

Akiba inayoliwa

Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika juu ya makaa ya mawe ya nchi yake na kueleza jambo lililowashangaza wengi. Injini ya mvuke ya James Watt ilikula makaa kidogo sana kuliko zilizoitangulia kwa kazi ileile. Watu wangetarajia makaa yatumike kidogo. Yalitumika mengi zaidi, kwa sababu mvuke ulipokuwa nafuu kila mwenye kiwanda aliutaka. Ufanisi uliufungua mlango uliokuwa umefungwa na gharama.

Jambo hili linatokea mpaka leo, ingawa si kila mara kwa nguvu ileile. Taa za LED hula umeme kidogo mno kuliko balbu za kale, na sehemu kubwa ya akiba hiyo kweli imebaki. Lakini sehemu nyingine imeliwa: taa zimewekwa pale ambapo zamani hapakuwa na taa, mabango yanawaka usiku kucha. Na hata pale akiba inapobaki mfukoni mwa mtu, haikai mfukoni. Aliyeokoa fedha za mafuta ya gari atazinunulia kitu kingine, na kitu hicho nacho kilitengenezwa kwa nishati. Ndiyo maana ufanisi peke yake, bila kikomo chochote juu yake, unaishia kuwa mafuta ya ukuaji.

Na hapa ndipo ukuaji unapokutana na ndugu yake, utamaduni wa kununua na kutupa. Mara nyingi vinazungumzwa kama kitu kimoja, na mimi nadhani ni muhimu kuvitenganisha. Ukuaji ni namba. Unaweza kutokana na shule na hospitali. Utamaduni wa kununua na kutupa ni mtambo wa kuhakikisha kwamba haja haziishi.

Mtambo huo ulijengwa na watu, na baadhi ya matofali yake tunayajua. Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani, wakiwemo Osram na Philips, walikutana Geneva wakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Waligawana masoko, na pia wakakubaliana kwamba balbu ya kawaida iwake saa 1,000 basi, ilhali balbu za wakati huo ziliweza kuwaka saa 1,500 hadi 2,000. Sampuli zilipimwa maabara, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiasi kilitozwa faini. Wahandisi walilipwa ili kupunguza umri wa kitu. Nikilifikiria hilo huwa nahuzunika, kwa sababu ni maarifa mengi yaliyotumika kuongeza jalala.

Leo faini hizo hazihitajiki sana. Betri hugundishwa kwa gundi isitoke, vipuri havipatikani, programu mpya huilemea simu ya juzi. Na penye vitu ambavyo haviharibiki, mtindo hufanya kazi hiyo. Idadi ya nguo zinazotengenezwa duniani iliongezeka karibu maradufu kati ya 2000 na 2015, na si kwa sababu watu walikuwa uchi. Plastiki zilikuwa tani milioni 2 mwaka 1950. Sasa ni zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka, na kati ya taka zote za plastiki zilizowahi kutupwa hadi 2015, zilizorejelezwa ni asilimia 9 hivi.

Lipo jambo la ndani zaidi kuliko hila za viwanda. Mchumi Thorstein Veblen alieleza tangu 1899 kwamba vitu vingi hununuliwa ili vionekane. Kitu cha namna hiyo kina tabia ya pekee: thamani yake inatokana na kwamba wengine hawana. Chakula kikimtosha jirani yako, wewe hupungukiwi. Lakini gari la fahari likiwa kwa kila mtu, si la fahari tena, na mashindano yanaanza upya juu zaidi. Uchumi unaweza kukua sana kwa mashindano hayo, malighafi zikatumika kweli, moshi ukatoka kweli, na mwisho wa yote kila mtu akabaki pale alipokuwa ukimlinganisha na mwenzake. Ukuaji wa aina hii siuoni ukiwa endelevu kwa teknolojia yoyote, kwa kuwa hauna mahali pa kutosheka.

Wengi hutegemea urejelezaji uje kutuokoa: tusitupe, tuzungushe. Ni jambo jema na kuna mahali linafanya maajabu. Alumini iliyorejelezwa huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye madini. Ila kuna hesabu moja ambayo wanaoutangaza mzunguko huo huipita haraka. Tuseme kila gramu ya chuma inarejelezwa, hakuna inayopotea. Tuseme chuma hukaa ndani ya jengo miaka 48, na mahitaji yanakua kwa asilimia tatu. Chuma chakavu kinachopatikana leo ni kile kilichowekwa miaka 48 iliyopita, wakati mahitaji yalikuwa robo tu ya ya sasa. Robo tatu lazima ichimbwe upya. Mzunguko unaweza kulisha uchumi ambao mahitaji yake ya vitu yametulia. Hauwezi kulisha ambao mahitaji yake yanajirudufu.

Nani akue, nani atulie

Nimekuwa nikisema "sisi" na "binadamu", na neno hilo linaficha mengi. Asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi duniani wanahusika na takriban nusu ya gesi joto. Upande wa pili kuna mamia ya mamilioni ya watu ambao hawana umeme nyumbani kabisa. Kumwambia mtu huyo kwamba ukuaji umefikia mwisho ni dhuluma, na sitaki makala haya yasomwe hivyo. Tangu 1990 zaidi ya watu bilioni moja wametoka kwenye ufukara uliokithiri, na ukuaji wa uchumi ndio uliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Habari njema ni kwamba maisha mazuri hayahitaji mzigo mkubwa kama wa matajiri. Costa Rica watu huishi miaka 80 hivi, zaidi kidogo ya Marekani, na hewa ukaa kwa kila mtu haifiki tani 2 kwa mwaka wakati Marekani ni karibu 14. Misitu yake, iliyokuwa imebaki takriban robo ya nchi katika miaka ya 1980, imerudi na kupita nusu. Tani za mwanzo za malighafi humletea mtu maji, paa, dawa na shule. Tani za mwisho humletea kidogo sana.

Wapo wanaotaka nchi tajiri zipunguze uchumi wao kwa makusudi. Hawaombi mdororo, wanataka kazi zigawanywe, uzalishaji usio na haja upunguzwe, huduma za msingi zilindwe. Nguvu ya hoja yao ni kwamba inazitii tani. Udhaifu wake ni kwamba mikopo, pensheni, ajira na kodi katika nchi zote vimejengwa juu ya matarajio ya kukua, na mpango wa kuvijenga upya bado haujajaribiwa na nchi yoyote. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha shughuli, hewa ukaa ya dunia ilipungua kwa asilimia 5 hivi. Wakati huohuo takriban watu milioni 70 waliangukia kwenye ufukara uliokithiri, na mwaka uliofuata moshi ukapanda tena. Mateso makubwa kiasi hicho, kwa upungufu mdogo kiasi hicho, yanaonyesha kwamba kuusimamisha uchumi uleule ulivyo hakuleti tunachokitafuta. Ni lazima uwe uchumi wa aina nyingine.

Kwa hiyo mimi siungani na kambi inayosema tukue kwanza, wala na inayosema tupungue kwanza. Zote zinaitazama ile namba ya Kuznets. Mchumi Jeroen van den Bergh amependekeza tuache kuijali, na nadhani yuko sahihi: weka kikomo kwenye jalala, kikomo cha kweli cha tani, kisha pato la taifa lipande au lishuke litakavyo.

Hili limewahi kufanyika. Mwaka 1987 nchi zilitia saini Mkataba wa Montreal dhidi ya kemikali zilizokuwa zikila tabaka la ozoni, zile za kwenye majokofu na makopo ya kupulizia. Hazikuweka lengo la uwiano. Ziliweka ratiba ya kuzipunguza na hatimaye kuziondoa, na nchi maskini zikapewa muda zaidi na mfuko wa fedha wa kuzisaidia. Viwanda vilivyokuwa vikilalamika vikapata mbadala. Takriban asilimia 99 ya kemikali hizo zimeondolewa, na wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanatarajia ozoni irudi katika hali ya 1980 karibu 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na karibu 2066 juu ya Antaktika. Uchumi wa dunia haukusimama kwa ajili hiyo. Akili ya binadamu aliyoiamini Simon ilifanya kazi yake, lakini baada ya kuwekewa ukuta mbele yake.

Kwa hewa ukaa ukuta huo umejengwa nusunusu: kodi kama ya Sweden, soko la vibali vya kutoa moshi la Umoja wa Ulaya lililoanza 2005 ambalo kikomo chake hushuka kila mwaka. Kwa malighafi karibu haupo. Kuna hatua ndogo dhidi ya kutupa: Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuzitaka simu, televisheni na mashine za kufulia ziandikwe alama ya urahisi wa kutengenezeka zikiharibika, na 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa kitu kilichoharibika. Ninazipenda hatua hizi. Zinampa fundi kazi na kukipa kitu umri, na ndivyo pato linavyoweza kupatikana bila tani. Lakini ni nchi chache mno zilizosema: tani zetu za malighafi zisizidi hapa.

Mwaka 1995 Ehrlich, safari hii pamoja na mwanasayansi wa tabianchi Stephen Schneider, walimpa Simon dau la pili. Bei za madini hazikuwemo. Walikuwa na vipimo 15 vya kulinganisha 1994 na 2004, kikiwemo kiasi cha hewa ukaa angani, joto la dunia, misitu ya tropiki na samaki wanaovuliwa kwa kila mtu. Simon alikataa. Alisema vipimo hivyo havipimi ustawi wa watu moja kwa moja. Yeye alitaka kubishania mambo kama umri wa kuishi. Alifariki 1998.

Dau hilo halikuwekwa, ila miaka yake 10 ilipita. Umri wa kuishi duniani ulipanda, kama Simon alivyotarajia. Hewa ukaa nayo ilipanda, kutoka takriban chembe 359 katika kila milioni hadi 377, kama Ehrlich alivyotarajia.